Kaburi Lililopandwa Mti: Wati, Liru na Historia ya West Nile

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri la mwaka wa pili, tulikuwa tukishughulikia matini fupi kuhusu mambo ya kale ya Ulaya. Matini ilieleza habari za tuta kubwa la udongo lililoinuliwa juu ya wafu maelfu ya miaka iliyopita, likasalimika mpaka leo kwa sababu limo ndani ya msitu na hakuna aliyepitisha jembe juu yake. Tukawataka wanafunzi watafute istilahi ya Kiswahili. Mmoja alipendekeza kichuguu, akachekwa, kwa kuwa kichuguu ni nyumba ya mchwa. Mwingine alisema tuta, akaulizwa kama ni tuta la viazi. Wengine walitaja kilima, fungu, rundo, hata kifusi. Mwisho tuliafikiana, shingo upande, kuhusu tuta la kaburi. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja kutoka Koboko, ambaye si mwepesi wa kuzungumza darasani, aliponyosha mkono. "Mwalimu," alisema, "kwetu hakuna tuta. Kwetu kuna mti."

Kicheko kilikatika. Alikuwa amegusa jambo ambalo sisi walimu hatukulifikiria, kwamba kabla ya kutafuta neno ingefaa tuulize kitu chenyewe kikoje kwetu. Ndugu zetu wa West Nile nao wana makaburi ya watu wa kale sana yanayolindwa na miti. Hayana tuta la kuonekana kwa mbali, na mtu apitaye huko na kitabu cha Ulaya mkononi atasema hakuna kitu. Makala haya yanahusu hicho asichokiona.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili hakikosi maneno ya kifo. Tunacho kitenzi zika, cha asili ya Kibantu, kilichotupa maziko na mazishi. Tunalo kaburi, tulilolipata kutoka Kiarabu, pamoja na maiti. Halafu tunalo mzimu, neno ambalo wanafunzi wengi wa bara hulijua kwa maana moja tu, ile ya roho ya marehemu inayotisha watu usiku. Kwa watu wa pwani mzimu ni mahali pia. Ni pale pangoni, au chini ya mbuyu, panapopelekwa ubani na sadaka, na ambapo mtu hakati kuni hata akiwa na shida. Neno hilo moja linafunga pamoja marehemu, mahali na mti. Tulipokuwa tukihangaika na tuta na kichuguu tulikuwa tukitazama udongo peke yake, na neno lililokuwa karibu zaidi na fikra za yule kijana wa Koboko lilikuwa limelala katika kamusi zetu.

Istilahi nyingine iliyotusumbua katika matini ile ni "kabla ya historia". Imo katika vitabu vya shule na hatuna nia ya kuitangazia vita, lakini hebu tuipime kwa mizani ya Arua. Ikiwa historia huanza pale maandishi yanapoanza, basi West Nile historia ilianza juzi tu. Katika miaka ya 1880 Emin Pasha, gavana wa Jimbo la Ikweta aliyezaliwa Ujerumani kwa jina la Eduard Schnitzer, alikaa Wadelai kando ya Mto Naili akiandika shajara zake. Wakoloni nao walichelewa. Eneo la Lado lilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 likaingia Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, ndipo A. E. Weatherhead alipofika kuwa mkuu wa wilaya wa kwanza, akaweka makao yake Arua. Kwa kipimo hicho, mzee aliyezikwa Terego mwaka 1870, ambaye mjukuu wa mjukuu wake huenda anasoma nasi hapa, amezikwa "kabla ya historia", sawasawa na mwindaji wa Zama za Mawe. Hilo halikubaliki hata kwa hesabu.

Sasa twende Wati na Liru.

Hii ni milima miwili ambayo huonekana kutoka sehemu nyingi za nchi ya Walugbara. Wati, ambao katika baadhi ya vitabu huandikwa Eti, uko upande wa kaskazini-mashariki ya mji wa Arua. Liru uko kaskazini zaidi, katika nchi ya Wakakwa, Koboko. Mwanafunzi akisoma maandishi ya zamani atakuta yote miwili ikihesabiwa kuwa ya Arua au ya West Nile tu. Asidhani vitabu vimekosea. Koboko ilikatwa kutoka Arua ikawa wilaya mwaka 2005, na Terego, ambako Wati iko, ilikatwa mwaka 2020, mwaka ule ule ambao mji wa Arua ulipewa hadhi ya jiji.

Masimulizi ya Walugbara husema kwamba watu wa kwanza waliumbwa na Mungu huko kaskazini, upande wa Sudan ya Kusini ya leo, mume na mke ambao majina yao ni Gborogboro na Meme. Baada ya vizazi vya mwanzo wakatokea mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Dribidu alikuwa na malaika ndefu mwili mzima. Tena alikuwa mla watu. Aliwala watoto wake mwenyewe, akafukuzwa ng'ambo ya mashariki ya Naili, akavuka mto kuja magharibi. Huko milimani shujaa alikuwa na nyama lakini hana moto. Akamkuta mwanamke mwenye ukoma, ambaye alikuwa nao. Mwanamke akampikia, naye akampa dawa, ukoma ukapona, na mwanamke akapata mimba. Ndugu za mwanamke walipojua walikuja na mikuki, na shauri lilimalizika kwa ng'ombe kutolewa. Ndiyo mahari ya kwanza. Watoto waliozaliwa kwa mashujaa hao wakawa waanzilishi wa koo za Walugbara, na mashujaa wenyewe wakafia milimani: Dribidu Wati, Jaki Liru. Makaburi yao, husema wasimulizi, yako huko huko.

Tunawaomba wasomaji wasikimbilie kuiita hii hekaya wakafunga kitabu. Mambo mawili yatazamwe. La kwanza ni la lugha, nalo lingepaswa kutuvutia kuliko mtu mwingine yeyote. Kilugbara ni lugha ya kundi la Sudani ya Kati, jamaa ya Kimadi. Kikakwa ni lugha ya Kinailoti cha Mashariki, jamaa ya Kibari, na kwa mbali jamaa ya Kimaasai. Lugha hizi mbili hazikutoka tumbo moja, na hakuna hata moja iliyo ya Kibantu. Hata hivyo Jaki wa Walugbara amelala katika mlima wa Wakakwa, nao Wakakwa wanaye babu yao wa Liru wanayemtaja kwa jina la Yeki. Watu wenye lugha mbalimbali wanagawana kaburi moja. Mwanaisimu anayechora miti ya nasaba za lugha ubaoni, akiweka kila kabila katika tawi lake, akumbuke kwamba wenyeji wanaweza kuwa na nasaba nyingine iliyofungwa kwenye mlima, na nasaba hiyo ikavuka matawi yake bila kumwomba ruhusa.

La pili ni la kazi ya masimulizi. Simulizi ya Dribidu haitupi mwaka, wala hatuna sababu ya kuidai mwaka. Inachotupa ni madai: nani alifika, alitokea upande gani, alimwoa nani, na kwa hiyo nani ana haki ya kulima wapi. Kabla ya shujaa kila kitu ni kinyume: watu hulana, mume hana moto, mahari haijulikani. Baada yake koo zinahesabika, baba kwa mwana. Kaburi la mlimani ndipo pande hizo mbili zinapokutana. Ndiyo maana haliwezi kuwa popote.

Aliyeyaandika mengi ya haya kwa undani ni John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi kati ya Walugbara mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kitabu chake juu ya dini ya Walugbara kilitoka mwaka 1960. Walimu wa Kiswahili wanamjua kwa sababu nyingine kabisa. Ni yeye yule aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu ulimwengu wa Waswahili, kilichochapishwa mwaka 1992, ambacho wanafunzi wa shahada ya pili hawana budi kukipitia. Wengi wetu tulikisoma hicho cha pili kwa miaka kadhaa bila kujua kwamba mwandishi alikuwa amejifunza kazi yake Arua. Tunakiri hivyo kwa haya kidogo.

Middleton anaeleza kuwa kwa Walugbara mtu akifa hubaki orindi yake, yaani roho, na kwamba marehemu aliyeacha watoto anaweza kuwa ori, mzimu anayejengewa kibanda kidogo cha vipande vya mawe ndani ya boma na kupelekewa chakula na pombe. Mababu kwa jumla ni a'bi. Mwenye jukumu la vibanda hivyo ni mzee wa ukoo, na mzee huyo anapofariki naye, kaburi lake halifanani na la kijana. Kwenye kaburi la mtu mkubwa hupandwa mti wa jamii ya mtini.

Kwa nini mtini? Hapa tunatoa mawazo yetu wenyewe, na wataalamu wa mimea wakitukosoa tutashukuru. Mitini mingi ya huku haihitaji mbegu wala kitalu. Hukatwa tawi nene kama mkono, likachomekwa ardhini mvua zinapoanza, na likachipua. Kwa hiyo siku ya maziko yenyewe, au punde baadaye, familia inaweza kuweka alama itakayokua peke yake. Mtini huishi kupita umri wa aliyeupanda na wa mjukuu wake. Mbao zake si za kutamanisha seremala. Tena una jambo moja ambalo mfugaji na mtoto mchunga mbuzi wanalijua bila kufundishwa: matunda yake huita ndege. Ndege hula hapo na kudondosha mbegu za miti mingine walizozimeza kwingine, na chini ya kivuli mbegu zile zinaota. Ikiwa hakuna anayelima wala kuchoma moto hapo, mti mmoja baada ya miaka hamsini ni kichaka, na kichaka baada ya miaka mia ni kijisitu. Mtu mgeni ataona miti tu.

Tuta la udongo lisingefanya kazi hiyo. Arua hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na udongo uliorundikwa bila mawe husombwa taratibu. Wale wanaotoka huko wamekwisha kuona jinsi ukuta wa nyumba ya udongo iliyohamwa unavyorudi kuwa ardhi katika misimu michache. Mti, kinyume chake, hiyo mvua ndiyo inayoukuza.

Kuna pia vijisitu vya wanaoomba mvua. Katika koo za Walugbara mwenye mvua alikuwa mtu mzito, na mawe yake ya mvua yalitunzwa chunguni ndani ya kijisitu ambacho si kila mtu alikanyaga. Middleton anaandika jambo moja kuhusu mtu huyu ambalo hatujalisahau tangu tulisome. Kwa kawaida msiba wa mkubwa kwa Walugbara ni jambo la kelele: watu wa koo mbalimbali hukusanyika, ngoma za matanga huchezwa, na magomvi ya miaka mingi hutolewa nje. Mwenye mvua yeye huzikwa usiku, kimya, bila ngoma. Maelezo ni kwamba siku alipopewa kazi ile alikwisha kufanyiwa ishara za kufa, kwa hiyo kifo cha pili hakina la kutangazwa. Linganisheni hayo na mazoea yetu ya kupima ukubwa wa marehemu kwa idadi ya magari na urefu wa hotuba.

Turudi kidogo kwenye matuta, ili tusiwe kama tunadai kwamba Afrika Mashariki haina. Inayo, tena ya zamani sana. Magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya, mahali paitwapo Lothagam Kaskazini, wafugaji wa kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita walijenga jukwaa la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi, wakachimba shimo katikati na kuzika humo watu wanaokadiriwa kufika 580 au zaidi, kisha wakalifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Utafiti wake ulitangazwa mwaka 2018. Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba humo mna wazee na watoto, wanaume na wanawake, na karibu wote wana mapambo. Hakuna dalili ya bwana na mtumwa. Nakuru nako kuna Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua mwaka 1937 na 1938 na kukuta makaburi ya kale chini ya mawe, wanawake wakiwa wamezikwa na sahani za mawe. Yote mawili ni maeneo yenye mawe mengi, na Turkana ni nchi kavu isiyo na mvua ya kusomba kitu. Kila nchi huhifadhi wafu wake kwa kile ilicho nacho.

Pwani kuna mfano ulio karibu zaidi na West Nile, ingawa kwa umbali ni safari ya siku kadhaa. Mji wa Gedi, karibu na Malindi, ulihamwa karne kadhaa zilizopita, msitu ukaufunika, na wenyeji wakauacha msitu huo kwa kuhofia waliomo. Humo kuna kaburi lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 Miladia. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kabla yake, mwaka 2008, zilikwisha kuingizwa kaya za Wamijikenda, ambazo ni misitu iliyosalia juu ya maboma ya mababu, na makaburi ya wazee yakiwa ndani yake. Ukiitazama ramani ya pwani ya Kenya utaona kwamba vipande vingi vya msitu wa asili vilivyobaki kati ya mashamba na hoteli ni hizo kaya. Wizara haikuvitunza kwa muda mwingi wa miaka hiyo. Vilitunzwa na wafu, kwa msaada wa wazee waliojua majina yao.

Ndipo tunapofika kwenye jambo linalotukera. Kaya zina kibao cha UNESCO. Mti uliopandwa juu ya kaburi la mzee huko Maracha hauna kibao. Unalindwa na kitu kimoja tu: kuna mtu anayeweza kusema ni wa nani. Siku mtu huyo akikosekana, mti unakuwa kuni.

Na West Nile imekuwa na sababu nyingi za watu kukosekana. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka Aprili 1979, na hasa kuanzia Oktoba 1980, jeshi la serikali mpya lililipiza kisasi kwa wananchi wa kawaida. Tarehe 24 Juni 1981 waliuawa watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, nao hukumbukwa hadi leo. Sehemu kubwa ya wakazi ilivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan, na wengi hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1980 au baadaye. Baadhi yao walirudi na Kiswahili cha Kongo, kile ambacho wanafunzi wetu wa huko hukizungumza wakiwa nje ya darasa na kukificha wakiingia ndani. Fikirini hali waliyoikuta: nyumba zimerudi kuwa udongo, mashamba yamekuwa nyasi, wazee wengine wamezikwa ugenini. Mti mkubwa ndio uliokuwa umebaki umesimama. Mtu anayejua kuwa babu yake amelala chini ya mtini ule ana pa kuanzia kupima shamba. Asiyejua ana ugomvi na jirani.

Katika mabaraza ya ardhi ya mila, kaburi na mti ni ushahidi unaosikilizwa. Ndiyo sababu suala hili si la wapenda mambo ya kale peke yao. Kwa miongo mingi wakulima wa tumbaku wa West Nile wamehitaji kuni za kukaushia majani. Mkaa unahitajika mijini. Tangu vita vya Sudan ya Kusini, na hasa baada ya mwaka 2016, wakimbizi wengi wamepokelewa Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi. Nao wanapika kila siku kama sisi. Hatuwalaumu. Wenyeji waliowapa ardhi wanakumbuka vizuri nani aliwapokea wao mwaka 1981. Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, lakini amri haiwezi kumwambia mwenye shoka mti upi una mtu chini yake. Isitoshe, mkimbizi anayefia makambini anazikwa katika ardhi isiyo ya ukoo wake. Nani atampandia mti, na juu ya kiwanja cha nani? Swali hilo hatuna jibu lake.

Mtu mashuhuri kuliko wote aliyehusishwa na Koboko hana kaburi Koboko. Idi Amin, ambaye mwaka 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, alifariki Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003, akazikwa huko huko. Hatutaujadili utawala wake hapa. Waliopoteza jamaa zao bila hata kurudishiwa mwili wa kuzika wana haki ya kusema kabla yetu. Tunataja tu kwamba katika nchi ambayo mlima mzima hutambuliwa kwa aliyelala ndani yake, kutokuwa na kaburi nyumbani ni habari ambayo kila mtoto anaielewa.

Sasa, idara ya Kiswahili inaingiaje katika haya? Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulifurahi, na bado tunafurahi. Lakini mwalimu atakayetoka kwetu kwenda kufundisha Koboko ataingia darasani na vitabu vyenye minazi, majahazi na mzimu wa mbuyuni. Wanafunzi wake hawajaona bahari. Wameona Liru. Asipojua kuunganisha mzimu wa kitabuni na mtini wa nyumbani kwao, Kiswahili kitabaki lugha ya watu wengine, na wao watakijibu kwa kukariri.

Kwa hiyo tulibadilisha zoezi la likizo. Badala ya kutafsiri ile matini ya Ulaya, kila mwanafunzi alitakiwa kwenda kwa mzee wa kwao, baba, babu, shangazi au nyanya, akauliza habari za kaburi moja tu lenye mti: aliyezikwa ni nani, mti ni wa aina gani na unaitwaje katika lugha ya nyumbani, nani aliupanda, na nini kimekatazwa kufanywa chini yake. Mahojiano yaandikwe kwanza katika lugha yaliyozungumzwa, kisha kwa Kiswahili. Tuliwaonya wasipige picha bila ruhusa na wasiguse kitu. Wanafunzi wa mjini Kampala walilalamika kwamba kwao makaburi ni ya saruji. Tukawaambia waandike habari za saruji.

Kazi zilizorudi si sawa kwa ubora. Nyingine zilinakiliwa vitabuni, na waliozinakili wanajijua. Za West Nile zilikuwa saba. Katika hizo saba, neno lililotumiwa kutafsiri mahali pale halikuwa moja. Wawili waliandika kaburi, mmoja aliandika mzimu, mmoja msitu wa babu, na watatu waliliacha neno la lugha yao vile vile wakalieleza kwa sentensi nzima. Hatukuwasahihisha. Kamati ya istilahi ya idara itakapokutana tena tutaziweka sentensi hizo mezani pamoja na tuta la kaburi.

Yule kijana wa Koboko aliandika kurasa nne. Nyanya yake alimwonyesha miti mitatu. Wa kwanza ni wa babu wa babu yake, na jina lake limeandikwa. Wa pili ni wa mwanamke, jambo ambalo lilimshangaza, naye aliambiwa sababu lakini akaombwa asiiandike, na hakuiandika. Kuhusu wa tatu nyanya alisema kwamba aliyejua alifia Zaire. Mti huo, ameandika, bado upo, na mbuzi wa jirani hulala hapo mchana.

Wasomaji wenye habari kama hizi, kutoka West Nile au kwingineko, wanakaribishwa kuzileta ofisini kwetu. Zilizo kwa Kilugbara na Kikakwa zitapokelewa pia. Tutatafuta wa kutusaidia kuzisoma.